Prosesa haina kosa, fundi ndiye aliyenimaliza

Naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Nimebadilisha prosesa, ubongo wa kompyuta yangu: nimetoka Ryzen 5 2600 nikaingia Ryzen 9 5900X, na mngeniuliza wiki ile ya kwanza ningewaambia msithubutu.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, sendofu na kicheni pati. Aliyewahi kuifanya anajua mateso yake: bibi harusi anataka filamu yake Jumatano, unaiacha mashine irenda, yaani itoe filamu kamili, usiku kucha, asubuhi unaikuta asilimia 60. Nikajichanga. Pesa ya harusi karibu tatu ikaenda kwenye kidude cha ukubwa wa biskuti. Sifa zake zimejaa mtandaoni, sizirudii. Feni ya kuipoza haiji nayo, hilo nililijua, nikanunua kubwa kabisa.

Kuifunga ningeweza mwenyewe, uoga tu. Nikasema kitu cha bei ile kishikwe na mwenye uzoefu, nikabeba kompyuta hadi duka moja Kariakoo, silitaji. Fundi kijana, simu kaibana begani, anabishana na mtu habari za Simba na Yanga. Akafungua skrubu nne za feni ya zamani, akaishika kwa mkono mmoja, akaing'oa kwa juu kama mtu anang'oa muhogo.

Ikatoka na prosesa imening'inia chini yake. Soketi, pale prosesa inapokaa, bado imefungwa!

Pesti, ule uji wa kupitisha joto unaokaa kati ya feni na prosesa, ilishakauka, imegeuka gundi. Mwenye kuijua kazi huiwasha mashine kwanza ipate joto, pesti ilainike, akaizima, kisha akaizungusha feni kidogo kushoto, kidogo kulia, mpaka iachie yenyewe. Ndipo anainua. Prosesa hizi zina pini 1331 chini yake, na nilipoinama niliona za ukingoni zimelala kama nyasi zilizokanyagwa.

"Kaka, pini zimepinda."

Hata simu hakukata. "Si unaweka mpya? Hiyo ya kazi gani tena?"

Ina kazi. Bodi yangu, ubao mkuu unaobeba prosesa, ni B450, ilitoka kiwandani kabla prosesa mpya haijazaliwa, kwa hiyo haiitambui mpaka bayosi, programu ya bodi inayoiwasha mashine, isasishwe. Na ili uisasishe, lazima prosesa inayotambulika iwe imekaa palepale. Zipo bodi zenye kitufe cha kusasisha bila prosesa, yangu haina. Yaani ile ya zamani ndiyo ufunguo wa mlango, na yeye ameupinda akiongelea penalti.

Akaweka mpya, akawasha. Feni zinazunguka, kioo cheusi. Akazima, akawasha. Akachomoa RAM, akaipuliza kwa mdomo, akairudisha. Kisha akanitangazia mbele ya wateja wengine: "Bosi, umepigwa. Hii famba."

Nikamweleza habari ya bayosi, taratibu, kwa heshima.

"Wewe fundi au mimi fundi?"

Na pesa ya ufundi akadai. Nikalipa! Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo, wala si pini. Nililipa, nikasema asante, nikabeba maboksi yangu kutafuta bajaji.

Usiku ule nilikuwa tayari kuiuza yote kwa hasara. Jirani akanielekeza kwa mzee mmoja Magomeni, fundi redio, miwani kaifunga kwa uzi. Akaigeuza prosesa kwenye mwanga, akahesabu: pini saba. Akachukua wembe, akaupenyeza kati ya mstari na mstari, akaziinua moja baada ya nyingine, kila mbili anapumzika anakunywa chai. "Mwanangu, chuma hiki ukikipindapinda kinakatika. Kwa hiyo tunakirudisha mara moja tu." Alichonitoza hakifiki nusu ya alichochukua yule wa Kariakoo kwa kuniharibia.

Nyumbani ile ya zamani ikaingia kwenye soketi yenyewe, bila kusukumwa, mashine ikawaka. Nikachomeka flashi yenye bayosi mpya. Zile dakika chache nilikuwa nimeshika roho mkononi, maana umeme ukikatika pale bodi inaweza kufa kabisa. Nilikuwa nimeazima yupiesi, betri ya kushikilia umeme ukikatika, na bado niliisimamia kama mgonjwa.

Nikabadilisha. Famba ikawaka mara ya kwanza.

Sasa kuhusu prosesa yenyewe, maana ndiyo nilikuja kuisema: ni mnyama. Filamu iliyokuwa inakesha, sasa naianza asubuhi, kabla ya adhuhuri imekamilika, na huku naendelea kukata nyingine bila kukwama. Nyota tano. Nne, tuseme, maana kazi ikiwa nzito chumba changu kinakuwa tanuri. Ingawa hilo nadhani ni kosa la bati. Basi tano. Ila kama hamjui bodi yenu ina bayosi gani, msinunue kwanza, au nunueni lakini sasisheni kabla hamjagusa bisibisi. Lile duka halina nyota.

Juzijuzi nilipita pale, akaniita kwa mbali, anacheka: "Bosi! Vipi ile famba yako?"

Nikamwambia bado ni famba. Somo la bure nilishampa siku ile, hakulitaka.