Gia oili kwenye cheni ya Boxer: uzoefu wangu kwenye vumbi la Kilolo

Kama umenunua pikipiki juzijuzi na hela iliyobaki inatosha kitu kimoja tu cha matunzo, nunua gia oili. Chupa ya lita moja, ile nzito iliyoandikwa SAE 90 au 80W-90, inayotiwa kwenye gia boksi na difu za magari. Usinunue grisi. Spreyi ya cheni nimeitumia pia, na nitaeleza inafaa wapi. Lakini kwa pikipiki ya kazi yenye cheni ya kawaida, kwenye njia ya vumbi, sijaona kitu kinachoishinda gia oili kwa bei yake.

Naendesha Bajaj Boxer BM 150 hapa Iringa. Safari zangu nyingi ni za kutoka mjini kuteremka Ipogolo na kuingia vijiji vya Kilolo. Kiangazi ni vumbi jekundu linaloingia kila mahali, na mvua zikianza kuelekea Desemba ni tope linalonata mpaka kwenye sproketi, yale magurudumu ya meno yanayozungushwa na cheni. Kwa hiyo ninayosema hapa yanahusu mazingira hayo. Anayezunguka kwenye lami ya mjini tu atapata matokeo tofauti kidogo.

Kwanza tuelewane kuhusu kinacholainishwa. Watu wengi wanapaka kitu juu ya cheni, wakiona inang'aa wanaridhika. Cheni ya Boxer na ya pikipiki nyingi za aina yake ni namba 428. Ina viungo zaidi ya mia, na ndani ya kila kiungo kuna pini inayozunguka ndani ya bushi, na juu ya bushi kuna rola inayokalia meno ya sproketi. Kazi yote inafanyika kati ya pini na bushi, mahali ambapo jicho halifiki. Tunaposema cheni imerefuka, vile vibati vya pembeni havijavutika. Pini na bushi zimelika, kila kiungo kimeachia unywele mmoja, na ukijumlisha viungo vyote unapata cheni inayoning'inia na kupiga kelele.

Sasa grisi haifiki huko ndani. Ni nzito mno, inabaki nje, inanasa vumbi, na baada ya siku chache una uji mweusi wenye mchanga unaosugua rola na meno kama msasa. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini nayo inapendwa sana vijiweni kwa sababu ni ya bure. Inapenya, ndiyo, lakini imeshachoka, imebeba masizi na vumbi la chuma, na inatiririka haraka. Wapelekee wanaopaka nguzo za uzio kuzuia mchwa, huko itawafaa. Gia oili ni nyepesi vya kutosha kupenya cheni ikiwa ya moto, na ni nzito vya kutosha kubaki humo.

Mimi huipaka jioni nikifika nyumbani, cheni ikiwa bado ina joto la safari. Pikipiki inasimama kwenye stendi kubwa, gia iko huru, injini imezimwa na ufunguo uko mfukoni. Hilo la ufunguo nalisisitiza kwa moyo wote. Kuna watu wanawasha pikipiki, wanaingiza gia ya kwanza, kisha wanashika kitambaa kwenye cheni inayozunguka ili kazi iende haraka. Kitambaa kikinaswa, kinavuta vidole mpaka kwenye sproketi, na sproketi haina huruma. Zungusha tairi kwa mkono. Ni kazi ya dakika chache tu.

Nasugua kwanza kwa mswaki uliochovywa mafuta ya taa, napangusa kwa kitambaa, naacha ikauke. Petroli naiepuka: ni hatari ya moto, na kwa cheni zenye mipira midogo ya kuzuia grisi isitoke kwenye pini, inaharibu ile mipira. Halafu navuta gia oili kwa bomba la sindano lisilo na sindano na kudondosha tone kwa tone upande wa chini wa cheni, kwa ndani, pale vibati viwili vinapopishana, mstari wa kushoto kisha wa kulia. Kwa nini ndani? Kwa sababu cheni ikizunguka, oili inarushwa kuelekea nje, kwa hiyo ukiiweka ndani inapita katikati ya viungo kabla ya kutoka. Nikimaliza mzunguko mzima naiacha ikae usiku. Asubuhi napangusa nje mpaka cheni inaonekana karibu kavu. Hatua hii ya mwisho ndiyo wengi wanairuka, kisha wanalalamika kwamba gia oili inachafua. Iliyobaki nje haina kazi zaidi ya kukusanya vumbi na kurukia suruali.

Na hapa niseme kasoro yake waziwazi, maana ipo. Hata ukipangusa, siku ya kwanza itarusha matone kidogo kwenye ringi ya nyuma. Angalia isifike kwenye tairi, hasa sehemu inayokanyaga barabara. Pia mvua kubwa inaiosha. Kipindi cha tope napaka mara nyingi zaidi, na kila nikitoka kuosha pikipiki kwa ile mashine ya maji ya kasi napaka siku hiyohiyo, kwa sababu maji yale yanasukuma oili nje na ukiiacha hivyo asubuhi unakuta cheni imeanza kutu.

Spreyi je? Kopo moja nililonunua lilikuwa zuri kwa safari za lami. Niliipenda kwenye safari ya Mafinga: unapuliza usiku, kimiminika chepesi kinaibeba hadi ndani kisha kinakauka, kinabaki kitu chenye kunata kisichorukaruka. Suruali inabaki safi. Lakini kule kunata kwake ndiko vumbi la Kilolo linakokutaka. Kwa dukani ninaponunua, kopo moja ni zaidi ya bei ya lita nzima ya gia oili, na kopo linaisha upesi wakati ile chupa inakaa hadi unaisahau. Anayeendesha lami anunue spreyi bila wasiwasi. Mimi nimeacha.

Kupaka bila kukaza ni nusu ya kazi, na kukaza ndiko wageni wa pikipiki wanakozidisha. Cheni haitakiwi kukazwa kama waya wa gitaa. Shika upande wa chini, katikati ya sproketi mbili, sukuma juu na chini: kwa pikipiki nyingi za ukubwa huu mchezo unaotakiwa ni kama milimeta 20 hadi 30, na kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho. Zungusha tairi upime sehemu kadhaa, kwa sababu cheni hailiki sawasawa. Utakuta mahali imelegea na mahali imekaza. Rekebisha kwa kufuata pale ilipokaza zaidi.

Sababu ya kuacha mchezo huo ni hii. Tairi la nyuma likipanda na kushuka na shokapu, umbali kati ya sproketi ya mbele na ya nyuma unabadilika. Ukibeba abiria au gunia la mahindi, shokapu zinashuka na cheni inajikaza yenyewe. Kama uliikaza ikiwa haina mzigo mpaka haichezi, ukipakia inavuta shafti ya gia boksi kwa nguvu, na beringi na sili za pale si za bei ya cheni. Ndiyo maana nikishamaliza kurekebisha namwomba mtu akae nyuma, kisha naigusa tena cheni nione kama bado ina uhai.

Ukilegeza nati ya ekseli na kuvuta tairi nyuma, zungusha virekebishaji vya pande zote mbili kwa kiasi sawa ukifuata alama zilizochorwa pande zote. Zikipishana, tairi linakaa upande na cheni inakula meno ya sproketi kwa ubavu. Halafu, na hili mafundi wa haraka hawalisemi, kwenye pikipiki yenye breki ya ngoma nyuma, tairi likirudi nyuma fimbo ya breki inakaza nayo. Ukiondoka bila kuilegeza, breki inashika kidogo muda wote, ngoma inapata moto na pikipiki inakuwa nzito huku ukidhani injini imechoka. Zungusha tairi, sikiliza, rekebisha ile nati ya fimbo, ndipo ukaze ekseli kwa mara ya mwisho. Kama cheni yako ina loki ya klipu, yaani kile kiungo cha kufungulia cheni, upande wa klipu ulioziba ndio uelekee inakokwenda cheni.

Kujua kama imeisha, pima. Kiungo kimoja cha 428 kina urefu wa milimeta 12.7 kutoka pini hadi pini, kwa hiyo viungo 20 vya cheni mpya ni milimeta 254. Ivute ikaze, weka rula ya chuma, hesabu pini 21. Ikifika karibu 259, imekwisha. Asiye na rula aivute cheni pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa: ikiachia ukaona nusu ya jino, usiendelee kukaza. Nunua seti, cheni pamoja na sproketi zote mbili. Cheni mpya kwenye meno yaliyopinda kama ndoano inachakaa kabla hujaifaidi, na sproketi ndogo ya mbele ndiyo inayotangulia kuisha kwa sababu meno yake machache yanafanya kazi mara nyingi zaidi.

Upande wa oili ya injini nitasema machache, lakini yana uzito. Kwenye pikipiki hizi oili moja inalainisha injini, gia na klachi kwa pamoja, na klachi inaogelea humo humo. Kwenye gari la kawaida haiko hivyo. Kwa hiyo kuambiwa "oili ni oili" si kweli. Gereji moja ilinitilia oili iliyotengenezwa kwa ajili ya magari madogo, ya aina ya kupunguza msuguano ili kuokoa mafuta. Sikuona shida kwenye tambarare. Nilipopanda kutoka Ipogolo kwenda mjini, injini ilinguruma juu lakini mwendo haukuongezeka. Fundi mzee ninayemwamini alipanda mwenyewe, akarudi, akasema, "Mwalimu, klachi haijafa. Imelewa oili." Tukaimwaga, tukatia ya pikipiki, na baada ya muda klachi ikashika tena.

Tangu hapo nasoma chupa mbele ya muuzaji. Natafuta 20W-50, ambayo ndiyo inayoendana na Boxer yangu: 20W inaeleza jinsi oili inavyotiririka ikiwa baridi, na 50 ni uzito wake kwenye joto la nyuzi 100. Kisha natafuta maneno JASO MA au MA2. Hicho ni kiwango cha Japani kilichoanza 1998, na maana yake ni kwamba oili imepimwa kwa klachi inayoogelea kwenye oili. Ukiona JASO MB, hiyo imekusudiwa skuta zisizo na klachi ya namna hiyo, iache. Oili ya kupima kutoka kwenye pipa siinunui hata ikiwa nusu bei, kwa sababu hakuna chupa ya kusoma wala kizibo chenye sili ya kukagua.

Pikipiki mpya imwagwe oili mapema, kwenye ile sevisi ya kwanza ya kilometa 500 hivi, kwa sababu vyuma vipya vinasuguana na kuacha unga. Baada ya hapo fuata kitabu, lakini kwa vumbi na mizigo mimi sisubiri mpaka mwisho wa kilometa kinazotaja. Mwaga injini ikiwa na uvuguvugu, badilisha washa (kile kipete bapa) ya nati ya chini, na usiikaze kwa hasira: inaingia kwenye alumini, uzi ukiliwa utajuta. Kati ya sevisi moja na nyingine, angalia kiwango kila wiki pikipiki ikiwa imesimama wima kwenye stendi kubwa, injini imezimwa kwa dakika kadhaa. Ikiegemea stendi ndogo inakudanganya. Na oili iliyomwagwa iweke kwenye dumu. Ruaha Mdogo unapita hapo Ipogolo, na kuna watu wanaoyatumia maji yake.

Seti niliyo nayo sasa bado inapima vizuri. Ikiisha nataka kujaribu cheni yenye mipira, ile ambayo kila pini imefungiwa grisi yake ndani tangu kiwandani. Bei yake ni kubwa zaidi na dukani kwetu mpaka waiagize Dar, lakini hata hiyo nitaipaka gia oili, kwa ajili ya rola na meno, na kuisafisha kwa mafuta ya taa.