Mota ya kutumia na VFD: ipi ununue Nairobi

Kabla ya kuuliza bei, uliza koili inastahimili volti ngapi. Kwa umeme wa volti 415, VFD (kifaa kinachobadilisha kasi ya mota) huweka ndani yake DC (umeme wa mkondo mnyoofu) ya volti 587 hivi, kisha huituma kwenye mota kwa mapigo makali. Kebo ikiwa ndefu, mapigo hugonga mwisho na kurudi, na kilele hukaribia volti 1,170. Mizunguko ya kwanza ya koili ndiyo huungua.

Nafasi ya kwanza ni mota mpya iliyoundwa kwa VFD. Karatasi yake ionyeshe kilele cha volti 1,600, insulesheni ya daraja F au H (kiwango cha joto inachostahimili), na thermista za PTC, yaani vihisi joto, ndani ya koili. Kwa konveya au kompresa, dai feni yenye mota yake. Kwenye 15 Hz, kasi ikiwa chini, feni ya shafti haipulizi cha maana, ilhali mzigo bado unadai nguvu ileile ya kuzungusha, basi mota inaiva. Pampu ya maji ya kawaida haina tabu hiyo: kasi ikishuka, mzigo nao hushuka. Mota kubwa, kuanzia 75 kW hivi, ziwe na beringi ya nyuma iliyokingwa umeme. Mkondo unaopita kwenye beringi huichora mistari kama bati la mabati, kisha inaanza kunguruma.

Ya pili ni mota mpya ya kawaida ya IE3 (daraja la ufanisi wa umeme), kwa pampu na feni. Weka VFD karibu, kebo isizidi mita 10. Ikibidi umbali, ongeza kichujio cha dv/dt, kinachopunguza ukali wa mapigo.

Ya tatu ni iliyosukwa upya, na hapo unanunua fundi. Ulizia waya wa enameli ya VFD, karatasi kati ya fezi, na vanishi iliyokaushwa kwenye oveni. Oveni hakuna? Ondoka.

Mota ya fezi moja yenye kapasita usiinunue kabisa kwa kazi hii.

Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na vipimo vya kiwandani huishia mita 1,000. VFD nyingi hupoteza asilimia 1 ya uwezo kila mita 100 juu ya hapo, kwa hiyo mota ya 7.5 kW inayobeba mzigo kamili ipe VFD ya 11 kW.

Una fezi moja tu? VFD ya kuingiza volti 240 itakupa fezi tatu za kiwango hicho. Chagua mota ambayo bamba lake linaonyesha volti 230/400 na uifunge delta (delta na sta ni namna mbili za kuunganisha koili). Ukiifunga sta itakosa nguvu.