Kiingilio cha kuona wanyama Mombasa: wapi pesa ya familia inarudi

Likizo ya Agosti ikikaribia, nyumbani kwetu Kisauni huwa na maswali mawili. La watoto ni tutaenda kuona wanyama lini. La baba yao ni kama kuna haja ya kulipia watu sita, bibi yao akiwemo, kwenda kumtazama mamba aliyelala. Nimezunguka na wanangu vya kutosha sasa, na naandika haya kwa mzazi mwenzangu ambaye kila shilingi yake ina kazi.

Nilichojifunza ni kwamba ukilipa kiingilio unanunua saa kuliko unavyonunua wanyama. Mwaka mmoja tuliingia mahali fulani adhuhuri, jua la utosi. Mamba kama magogo, vizimba viwili vitupu, mhudumu wa kuuliza hakuna. Kitinda mimba wangu akaangua kilio anataka kurudi nyumbani, nami nikaumia, maana pesa zile nilikuwa nimeziweka za sare ya shule. Tangu siku hiyo sitoki nyumbani kabla sijapiga simu kuuliza wanyama hulishwa saa ngapi.

Kwa kipimo hicho, Haller Park ya Bamburi naiweka ya kwanza, tena kwa mbali. Twiga hulishwa saa tano asubuhi na tena saa tisa alasiri, na mtoto anamlisha kwa mkono wake mwenyewe, ule ulimi mrefu ukimpitia kiganjani. Mnamo saa kumi ni zamu ya kiboko, kisha mamba. Kwa hiyo ukiingia saa nane na nusu, tiketi moja inakupa vyote vitatu na jua limeshapungua makali. Nauli pia ni nyepesi: gari za Mtwapa zinapita mlangoni, hapo hapo barabara ya Malindi.

Waelezeni watoto mahali pale palikuwa nini. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza mwaka 1954, kikachimba mawe ya matumbawe hadi pakabaki shimo jeupe lisilo na udongo. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, akaanza kupanda miti, na mingi ikafa. Mvinje ukashika. Lakini majani yake yalianguka yakakaa tu, hayaozi, mpaka wakaletwa majongoo wakayala, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Mwanangu wa kati, ambaye zamani akiona jongoo anakimbia, siku hizi huchutama kumtazama. Hilo nalo nalihesabu katika thamani ya tiketi.

Na ndiko alikopelekwa Owen, yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini upande wa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004. Alipofika alimganda kobe mkubwa wa Aldabra aitwaye Mzee, wakawa wanalala na kula pamoja. Bibi yao huwasimulia watoto kisa hiki kila tukienda, na kila mara wanakitaka tena kama hawajawahi kukisikia.

Ya pili ni Nguuni, si mbali na hapo. Huko hakuna vizimba vya kupita kimoja kimoja. Ni uwanda wa nyasi na mikoma, na mbuni, twiga, na swala wakubwa kama pofu na choroa wanajiendea zao. Ni pahali pa jioni: mkeka, mahamri, chupa ya chai, ndege wakirudi mabwawani. Wasiliana nao kabla ya kwenda. Mtoto mwenye papara huenda akachoka, ila wazazi hupumzika huko kuliko kokote.

Shimba Hills, Kwale, ndiyo iliyonipa kazi kupanga. Ndiko peke yake nchini Kenya utakakomwona palahala, yule swala mkubwa wa pembe ndefu zilizopinda, na tembo wapo, na kuna maporomoko ya Sheldrick yanayofikiwa kwa miguu mkiongozana na askari wa wanyamapori. Lakini ni msitu. Mnyama anaweza kuwa hatua ishirini usimwone. Unahitaji gari, na gari kwenye feri ya Likoni hulipiwa, tofauti na mtu wa miguu anayevuka bure. Kisha mafuta, kisha kiingilio, ambacho hulipwa kwa mtandao wa serikali, si kwa noti mlangoni. Kwa hiyo naiweka ya tatu kwa wenye watoto wadogo. Kwa wenye watoto wa miaka kumi kwenda juu, wanaoweza kutembea na kunyamaza, na familia mbili zikichangia gari moja, ningeipandisha ya kwanza bila kusita.

Mamba Village ya Nyali naiweka mwisho kwa sababu moja tu: mamba ndio shughuli yenyewe. Nenda jioni wakati wa kulisha, utaona maji yakichemka kwa mikia. Nje ya wakati huo, subiri.

Popote uendapo, watu wazima wabebe vitambulisho, kwani bei ya raia na ya mgeni zimeachana mbali. Maji na chakula toka navyo nyumbani. Mara nyingi soda na vibanzi vya huko ndivyo vinavyomaliza pesa, wala si tiketi. Aprili na Mei mvua ikishika, ahirisha.

Na kama mtoto wako ni mmoja tu na hajafika miaka mitatu, usilipe popote bado. Atafurahia paka wa jirani vile vile. Mpeleke bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, hakuna kiingilio: mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu kwako, mibuyu ya kukimbilia kwake, na meli kubwa zikipita karibu zikielekea Kilindini.