Njia ya Utamaduni wa Kiyahudi, Endingen na Lengnau: usiyapite makaburi

Nyota nne. Njia hii ya miguu inaunganisha vijiji vya Endingen na Lengnau, jimbo la Aargau, kaskazini mwa Uswisi. Ukifika Baden, panda basi la manjano la posta. Wengi hushuka Endingen, wakapiga picha sinagogi ya 1852 yenye saa na kengele, wakatazama nyumba za milango pacha, mmoja wa Myahudi na mwingine wa Mkristo, kisha wakageuza. Nauli imepotea hiyo! Penye uzito ni barabarani kuelekea Lengnau: makaburi ya 1750.

Kabla ya hapo maiti walivushwa hadi kisiwa kidogo cha mto Rhine, karibu na Koblenz (ya Uswisi, si ya Ujerumani), kilichokodiwa tangu 1603. Mto ulipofurika, maji yaliingia makaburini. Katikati ya miaka ya 1950 mabaki yaliyosalia kisiwani yaliletwa hapa. Kaburi la Kiyahudi ni la kudumu, halizikwi mtu mwingine juu yake, ilhali makaburi ya umma Uswisi kwa kawaida hutumika upya baada ya miaka 20 au 25. Ndiyo maana mawe ya kale bado yamo chini ya miti.

Kuyasoma kunawezekana hata kama hujui Kiebrania. Mikono miwili iliyonyooshwa ni ya Kohen, wa ukoo wa makuhani. Birika ni la Mlawi, wa ukoo wa Lawi waliowasaidia makuhani. Mwaka wa Kiyahudi, ambao umepita 5000, huandikwa kwa herufi za Kiebrania zenye thamani ya namba, na elfu tano mara nyingi huachwa: tav 400, kof 100, pe 80, he 5, jumla 585. Ongeza 1240, unapata 1825 ya kalenda yetu ya kawaida. Watu hukosea hapa: mwaka wa Kiyahudi huanza Septemba au Oktoba, hivyo kwa kifo cha kati ya hapo na mwisho wa Desemba, punguza mmoja.

Mawe ya mchanga hunyonya maji, barafu ikayamenya, maandishi yakaondoka. Usisugue kuvu wala kupaka chaki. Mulika kwa kioo kutoka ubavuni, vivuli vitatoa herufi.

Usiende Jumamosi wala sikukuu za Kiyahudi. Wanaume wafunike kichwa, kofia yoyote yatosha. Maua acha, weka kijiwe juu ya kaburi. Nyota moja nimeikata kwa sababu asiyejiandaa kuhusu tarehe na alama hizo ataona mawe tu.