Kikapu cha sokoni: angalia mkono kwanza, mengine baadae

Jumamosi nimeshuka daladala Buguruni na kikapu changu kipya, kizuri kweli, cha ukindu wa rangi rangi, nimekitoa duka moja mjini kwa elfu ishirini na tano. Ndani nyanya, vitunguu, nazi mbili na mayai kumi. Mguu wa pili haujagusa chini, mkono mmoja ukang'oka. Nazi zikaenda zake chini ya gari, nyanya konda kazikanyaga, mama mmoja ananiambia pole huku anacheka. Mayai nimesamehe. Kilichoniuma ni muuza matunda, kanionea huruma kanipa vile vimfuko vyeupe vya kuonyesha, vitano, eti dada weka humo. Mimi ambaye nyumbani ndo nawasumbua watu wote na habari za plastiki, nimerudi na plastiki tano!

Sasa, rangi na ukubwa siongelei, unajua mwenyewe kwako mnakula wangapi. Naongelea mkono.

Tangu rambo, ile mifuko ya plastiki ya kubebea, zipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019 (Zanzibar walitutangulia miaka mingi) tumezoea kubeba mfuko, ila kuukagua hatujui. Kukutwa na rambo faini inaanzia 30,000, tukaogopa, tukaziacha. Lakini kikapu kikikukatikia njiani unaokolewa na vifungashio, ndo vile vimfuko vyeupe, na vifungashio ni plastiki ileile, tena nyembamba zaidi, ukifika nyumbani unachana unatupa.

Kwahiyo ukiwa dukani fungua kikapu, ingiza kichwa kabisa, tazama mkono unaanzia wapi. Kama umeshonewa kwenye ukingo wa juu tu kwa mishono miwili mitatu, kirudishe. Mkono wa kueleweka unashuka ubavuni, unapita chini ya kitako, unapandia upande wa pili, yani mzigo wote umekalia mkanda, hauning'inii kwenye uzi. Cha kwangu nilikichunguza nilivyofika: mkono wa ngozi, matundu mawili, uzi wa nailoni mwembamba. Na uzi haukukatika! Umekata ukindu, kama waya unavyokata mche wa sabuni. Halafu ngozi yenyewe ikilowa maji ya samaki ikakauka inakuwa ngumu kama kibao, inaanza kupasuka pale pale kwenye tundu.

Namba moja kwangu ni kikapu cha Iringa, kile cha milulu, na najua mtasema nalipwa, sijalipwa hata mia, ni mapenzi tu. Milulu ni majani magumu, kinasukwa kikakaza hadi kinasimama chenyewe, nyanya hazilaliwi na viazi. Ila chagua chenye mkono uliosukiwa humo humo kwenye mwili wa kikapu, sio cha ngozi, hata kama cha ngozi ndo kinapendeza kwenye picha. Ninacho kimoja tangu sijaolewa na mtoto wangu yupo darasa la tatu. Kikilowa usikiweke kabatini, kianike kivulini, kinaota ukungu haraka sana.

Namba mbili, mfuko wa turubai unaoshonewa na fundi wa mtaani. Nenda na kitambaa chako, mwambie mkanda uzunguke chini, na pale unapokutana na mdomo wa mfuko apige mshono wa mraba na mkasi (alama ya X) ndani yake, atakuelewa. Akikwambia "hivi inatosha sista" usikubali. Mwambie pia akutolee vimfuko vidogo vya vipande vya kitenge vya kuwekea vitunguu na ndimu, maana watu wengi wanachukua vifungashio kwasababu hawataki vitu vichanganyike, sio kwamba mfuko hawana.

Namba tatu kile kikapu cha kusukwa kwa mikanda ya plastiki. Ndiyo ni plastiki, msinirukie, lakini kinakaa miaka na kwa samaki hakuna kama hicho, unamwagia maji unaning'iniza basi. Kagua mkono uleule.

Mifuko mbadala ya kaunta siku ya shida tu. Ile nayo ni plastiki, inafanana na kitambaa ndo maana inatudanganya. TBS, shirika la viwango, wanataka isipungue gramu 70 kwa mita ya mraba, ila mkono ukiwa umegandishwa kwa moto bila kushonwa, kilo tano za unga haifiki nazo getini.

Na hizi bei jamani. Nimeingia duka moja la vitu vya asili, dada kanisalimia kwa Kiingereza, kikapu cha Iringa kaniambia elfu sitini na tano, nikamjibu Kiswahili ikashuka hamsini na tano, yani elfu kumi ni ya lugha! Nikamwomba nikijaribu na mfuko wa sukari niliokuwa nao, akakataa, eti kitatanuka. Kikapu kitatanuka kwa sukari kilo mbili, sasa mimi nibebee nini, pamba? Aliyekisuka huko hiyo elfu hamsini na tano sidhani kama hata ameisikia.

Nikatoka nikampigia shangazi Iringa. Kanunua sokoni kwa bei ambayo naona aibu kuitaja, kakipandisha basi la jana, na kanipigia kusema hawezi kutuma kikapu kitupu kwahiyo amekijaza viazi mpaka juu. Naenda stendi jioni, nitakiinua kwa mkono mmoja.