Spika za mtumba bila kuzisikia: ipi uchukue, ipi uache

Spika iko Mombasa, wewe uko Lamu. Mzigo utapanda basi hadi Mokowe, uvuke kwa boti, kisha uingie vichochoroni kwa punda. Kuurudisha ni nauli mara ya pili. Basi wati zilizoandikwa mgongoni zisikuhangaishe, hasa zikiandikwa PMPO (nguvu ya kilele cha kitambo kidogo tu). Hizo ni za kuuzia. Tazama ukingo wa koni, ile pete laini inayoishikilia koni kwenye fremu, maana ndio unaokutana na unyevu wa pwani.

Za kwanza kuchukua ni jozi ndogo za rafu, zisizo na amplifaya ndani, zenye ukingo wa mpira. Cha kuharibika ni kichache, na karibu chote kinapimika kwa simu ya video. Mwambie muuzaji avue kitambaa cha mbele, amulike ukingo kwa tochi kutoka ubavuni. Kisha aweke mita ya umeme, ikipima omu (ukinzani), kwenye vichwa vya waya: spika ya omu 8 husoma kama 5.5 hadi 7. Mita isipocheza, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) au waya mwingine umekatika. Ikisoma omu 1 hivi, koili imeungua. Lakini mita hiyo inapima wufa, ile ya sauti nzito, peke yake. Twita, ile ndogo ya sauti kali, imejificha nyuma ya kapasita, kifaa kinachozuia umeme wa mita, kwa hiyo aifungue na kuipima peke yake. Akikataa, ihesabu imekufa, ushushe bei.

Halafu abonyeze koni polepole kwa vidole vinne kuzunguka kifuniko cha katikati, simu ikiwa karibu. Ukisikia mkwaruzo, arudie akisawazisha vidole. Ukibaki, koili inasugua, achana nayo. Mwisho aguse waya kwa betri ya volti 1.5, chanya kwa chanya, mguso wa mara moja. Koni zote mbili ziruke nje. Moja ikizama, waya zake zimepinduliwa ndani: besi itapotea, ila kurekebisha ni dakika chache.

Za pili ni zile za harusini, inchi 12 au 15. Ukingo wake wa kitambaa cha mikunjo hauozi upesi, lakini zimepigwa kwa fujo, na koili huungua. Pima vilevile.

Za tatu ni zile kubwa za sebuleni za zamani zenye ukingo wa sponji. Sponji huoza hata spika ikikaa kimya, mara nyingi baada ya miaka 10 hadi 20. Ikiacha makombo kidoleni, toa kwenye bei gharama ya kubandika ukingo mpya. Chini ya kasha, tazama kama chipubodi (ubao wa vipande vya mbao vilivyoshindiliwa) imevimba.

Sabufa yenye amplifaya ndani ni ya mwisho. Chumvi hula bodi yake, na mita haikuambii kitu. Bila kuisikia, usiichukue hata kwa bei ya kutupa.

Kwenye kufunga, nyuso zitazamane, kadibodi katikati, nailoni juu kuzuia rasharasha za bahari. Spika ikianguka, sumaku inaweza kuhama na kuibana koili, na mita bado itasoma vizuri. Kwa hiyo ibonyeze koni tena palepale gatini, punda hajapakiwa.