Ripoti ya Marti kwa Mustang ya Babu: uzoefu wangu

Tangu niolewe katika ukoo huu hapa Ohio, Marekani, nimekuta ubishi mmoja usiokwisha: je, Mustang ya 1969, gari la Ford, iliyofunikwa turubai bandani kwa Babu ilitoka kiwandani na injini yake kubwa, au aliipachika mwenyewe? Babu wa mume wangu alikuwa dereva wa mbio za dragi. Magari mawili, njia iliyonyooka, robo maili, yaani mita 402 hivi, anayetangulia ndiye anayeendelea. Amefariki, na kumbukumbu pekee aliyoacha ni bati la biskuti lililojaa vikaratasi vya muda, vile wanavyopewa madereva uwanjani kila baada ya kukimbia.

Nilianza vibaya. Kuna tovuti ya historia za magari niliyoilipa, ikanijibu kwamba namba ya chasisi si sahihi. Baadaye nikaelewa: namba ya herufi na tarakimu 17 ilianza kuwa sharti Marekani kwa magari ya toleo la 1981. Gari la 1969 lina 11 tu. Kwa hiyo kama gari lenu ni la zamani, msitoe pesa kabla ya kuuliza kama huduma hiyo inasoma namba fupi.

Ndipo fundi mmoja akanielekeza kampuni ya Marti Auto Works ya Arizona. Hawa wana leseni ya Ford ya kutumia kumbukumbu za uzalishaji kuanzia magari ya 1967. Unawatumia namba ya chasisi, wanakutolea ripoti ya kilichoandikwa kiwandani kuhusu gari lako hilo hilo, siyo maelezo ya jumla ya magari ya aina yake. Yapo matoleo ya bei tofauti. Mimi nilichukua la Deluxe, kwa sababu nilitaka tarehe.

Kabla ya kulipa tuliisoma namba wenyewe kwenye kibao chake, kupitia kioo cha mbele: 9 ni mwaka 1969, F ni kiwanda cha Dearborn, 02 ni bodi ya paa la mteremko, R ni injini ya Cobra Jet 428 yenye tundu la hewa kwenye boneti. Hizo 428 ni inchi za ujazo, kama lita 7, na Ford waliiandikia nguvu farasi 335, ingawa wapenzi wa mbio wanaamini ilizidi hapo. Mjomba wa mume wangu hakukubali, akasema kibao kinaweza kuhamishwa. Tukafungua boneti, tukasugua kutu pale namba inapogongwa kwenye bati la ndani ya madigadi. Ni ile ile. Ubishi wa miaka ukaishia kwenye herufi moja.

Ripoti ilipokuja ikatuletea jambo ambalo hatukulitarajia. Kibao cha mlangoni, kile kinachotaja rangi, gia na difu, kilishapotea mlango ulipobadilishwa, kwa hiyo hakuna aliyejua gari lilikuwaje siku ya kwanza. Ripoti ikataja gia nne za mkono, siku gari lilipoundwa, siku lilipouzwa, na difu ya 3.50, yaani propela izunguke mara tatu na nusu kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Hapo nikashtuka. Mimi ni mtoto wa fundi wa malori Tanga. Nimekua nikimwona Baba akibadili difu za malori yanayopanda Lushoto, na najua sauti ya gari lenye difu nzito. Tukainua gari, tukazungusha magurudumu, tukahesabu. Propela ilizunguka mara nne na zaidi kidogo ya robo kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Hiyo si 3.50, ni 4.30. Gari la namna hiyo huchomoka kwa nguvu, lakini barabara kuu injini hulia njia nzima.

Tukarudi kwenye bati la biskuti. Vikaratasi vya 1969 vinacheza kwenye sekunde 13 na nusu. Kuanzia Julai 1970 vinashuka chini ya 13, na cha kasi zaidi ni 12.87. Nikamuuliza Bibi kama anakumbuka chochote cha kiangazi hicho. Akajibu papo hapo: ndicho kiangazi alichoacha kupanda gari lile kwenda kwa dada yake, kwa sababu walikuwa hawasikilizani tena ndani. Alidhani injini imeharibika, kumbe ni difu iliyobadilishwa, na Babu hakumwambia kitu.

Ripoti haitaji mbio wala madereva, wala wamiliki waliofuata. Na usitegemee ofisi ya usajili ya jimbo ikupe majina yao kirahisi, maana sheria ya shirikisho ya 1994 inalinda taarifa za madereva. Sisi gari halikutoka nyumbani, tukaepuka hilo. Kwa kujua gari lilizaliwa vipi, pesa yangu imefanya kazi, na ningelipa tena. Bila ile 3.50 kwenye karatasi, vile vikaratasi vingebaki namba tupu.

Fundi anashauri turudishe difu ya kiwandani, kwa kuwa wanunuzi hulipa zaidi gari likilingana na ripoti. Tumemwomba atengeneze breki, abadilishe mipira na mafuta. Difu ya Babu haiguswi.